Chaki ya Mwalimu Mwishehe

Kibwana, nimetoka sasa hivi kwenye mkutano wa wazazi hapa Kibaha. Mkuu wa shule katuambia amewapa walimu madaraka kamili. Nimecheka hadi watu wakageuka kunitazama.

Si nimemkumbuka Mwalimu Mwishehe wa Kurui, enzi ya Mwingereza.

Mkuu wake, Mwalimu Hilario, alitangaza vivyo hivyo: "Kila mwalimu ni bwana wa darasa lake." Kisha akafunga kabati la chaki, akavaa ufunguo shingoni kama hirizi, akaenda Kisarawe kuwaeleza wakuu wenzake namna ya kuwaamini walimu.

Ufunguo shingoni, Kibwana.

Asubuhi hiyo hiyo akatokea inspekta wa Kizungu, bila taarifa. Mwalimu akikutwa hafundishi, kazi hana.

"Mbona ubao mtupu?"

"Ndiyo naanza, bwana."

Jasho linamtoka Mwishehe. Akachungulia dirishani, akaona makopa ya Mama Paskalia, jirani wa shule, yameanikwa juani. Akanyoosha mkono, akachukua kipande cha huo muhogo mkavu, akajaza hesabu ubao mzima. Kwa weupe, chaki ya serikali cha mtoto.

Aliyepata jibu alipewa kipande atafune. Kurui nzima hesabu haijawahi kupendwa vile.

Inspekta alikutana na Hilario njiani, akamsifia mwalimu wake. Hilario akaingia shuleni kavimba: "Mnaona matunda ya kuwapa walimu madaraka?"

Mwishehe akatabasamu, akijua sasa ufunguo anapewa yeye.

Hilario akaukusanya muhogo wote uliobaki, akautia kabatini, akafunga.