Maji kwenye Njia ya Besi ya Kwanza

Mpwa wangu Kinsley,

Goti linaendeleaje? Mama yako kaniambia Jumatatu ulikimbia bila kuchechemea. Nilifurahi mpaka nikaunguza mayai.

Hapa chuoni uwanja wetu wa softiboli umewekewa taa mpya, na ninyi timu za wageni mmejengewa chumba cha kubadilishia nguo. Hamtavalia tena ndani ya basi.

Kinsley, mwaka jana hukuteleza kwa sababu ya viatu. Asubuhi ile mlipokuja kucheza na timu yetu, kocha wetu alinijia anacheka: "Darrell, huyo mpwa wako anaugusa mpira kwa gongo kidogo tu, halafu anachomoka kama sungura! Wewe ndiye mtunza uwanja, si umlowanishie njia?" Nikaumwagia maji udongo wa njia ya kwenda besi ya kwanza, pale unapokimbilia ukishapiga mpira, nikaufunika kwa vumbi kavu usionekane. Nilitaka uchelewe, sikutaka uumie. Ukaanguka, ukaumia goti, ukaniambia ukilia, "Mjomba, viatu vyangu vibaya." Kesho yake nikakununulia vingine, ukanishukuru. Shukrani ile inaniuma mpaka leo.

Nisamehe, mwanangu. Kocha nimeshamwambia sifanyi tena, kanuna, na anune.

Jumamosi mnacheza hapa. Njoo mapema, geti litakuwa wazi na reki ya kusawazishia udongo nitaiegemeza kwenye benchi lenu. Njia yako itengeneze mwenyewe, mimi nitakaa kwenye majukwaa. Ukitaka kunitukana, nitukane ukiwa umesimama juu ya besi. Nitakupigia makofi.

Mjomba wako,
Darrell