Hospitali ya Saba ya Ligaya

Pacing, mwenzangu wa rozari, haya amenieleza mjukuu wangu Ligaya mwenyewe, leo baada ya chakula cha mchana.

Kesho ndiyo mwisho wa kupeleka orodha ya hospitali anazotaka kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani. Msimamizi wake amemwambia waziwazi: kwa alama zako, hizo sita kubwa ulizoandika zinaweza kukukataa zote. Ongeza ile ndogo ya hapa Jersey City.

Hajaiongeza. Nikamuuliza kwa nini.

“Bibi, umewatangazia wenzako wote wa rozari kwamba naenda hospitali kubwa. Nikuaibishe?”

Pacing, sita tu. Zikimkataa zote, huenda akakaa mwaka mzima bila masomo wala kazi. Kwa sababu ya mdomo wangu.

Nikamwambia aiandike mbele yangu.

“Na watu wa rozari?”

“Niachie mimi. Nitawapikia tambi za pansiti, watanyamaza.”

Akacheka kidogo, akaiandika. Ikawa ya saba.

Jumapili nitawaambia wote kwamba nilijisifu. Naanza na wewe, maana wewe ndiye niliyekutambia kwanza, tena siku ile unamlilia binti yako aliyefeli unesi. Nisamehe.

Ligaya amelala kwenye kochi, kompyuta bado iko mapajani.