Ndugu Zako Wanagombana, na Lori Li Njiani

Kwako Baba Wambui, mume wangu,

Salamu nyingi katika jina la Bwana wetu. Hujambo huko kambini? Kile kifua kimekuachilia? Sisi hapa Subukia tunapumua kwa neema, watoto wanakula, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu askari walipokuchukua kukufunga.

Leo nilikuwa napukuchua mahindi nikakumbuka zile hadithi ulizokuwa ukitoka nazo jikoni kwa memsabu, yule bibi mzee wa Kizungu aliyetoka Norwe. Unaketi hapa kando yangu, gunzi mkononi, unaniigizia sauti za miungu ya kwao: mkubwa wao wa jicho moja, yule wa nyundo, na yule mwenye ulimi mkali aliyeingia karamuni akamtolea kila mmoja aibu yake. Nilikukemea. "Baba Wambui, miungu yote hiyo ndani ya nyumba ya Mkristo?" Ukacheka. "Ndiyo maana wanagombana, Mama Wambui. Wetu yuko mmoja, atagombana na nani?"

Na ile meli ya adui zao iliyoundwa kwa kucha za wafu! Tulipomzika baba yako ulimkata kucha zote, mzee wa kanisa akakuuliza unafanya nini. "Nampunguzia adui mbao," ukasema. Nilitaka ardhi inimeze.

Nilikuuliza kama miungu hao walijua vita vyao vya mwisho vinakuja na watashindwa. Ukasema walijua vizuri sana, na bado waligombania viti. Sikuamini. Sasa naamini, maana nawaona ndugu zako.

Wiki ijayo lori la serikali linakuja kutuondoa shambani. Mimi, watoto, na Karanja na mkewe tunapelekwa Kiambu. Mwangi ameruhusiwa kubaki, amepata kazi kwa mzungu mwingine huko Molo. Ugomvi ni juu ya mama yenu. Karanja anasema mama apande lori, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wewe usipokuwapo. Mwangi anasema desturi ni desturi, mama hukaa kwa kitinda mimba. Jana walishikana mashati.

"Utamlisha nini wewe? Hata kuku wako walihamia kwa jirani!" Karanja akafoka.

"Afadhali kuku! Mkeo humnyima mama hata chumvi!" Mwangi akamrudishia.

Na mama yuko pale pale mlangoni. Akasema, "Mnanivuta kama ngozi ya mbuzi, na tangu asubuhi hakuna aliyenipa chai." Nilimpa mimi.

Hakuna aliyefunga mzigo. Mahindi mengine bado yamesimama shambani. Nimeomba, nimefunga, nimewasihi; wananiambia mwanamke anyamaze. Jumapili hata meza ya Bwana hawakuikaribia, kila mmoja akiogopa kumpa mwenzake mkono.

Wewe ndiwe kifungua mimba, neno lako watalitii. Waandikie mama aende na nani. Ukitaka kujua la moyoni mwangu, ningependa aje Kiambu. Huko simjui mtu, na yeye peke yake ndiye ninayeweza kuongea naye habari zako bila kuambiwa nyamaza. Lakini ukiona ni haki akae na Mwangi, andika hivyo, nami nitamfungia mzigo wake kwa mikono yangu.

Tafadhali nijibu upesi, kabla lori halijafika.

Mkeo akuombeaye,
Mama Wambui