Dawa Zilizotoka Mkobani

Wewe daftari, umenikimbia tangu tuchume kahawa, mpaka herufi zangu za ngumbaru zimeanza kupinda! Leo tulia hapa, nina furaha ya kunipasua.

Nimekata bima ya matibabu ya safari. Bibi wa Kirua Vunjo, mimi huyu, anakwenda Ujerumani kumpikia binti yake Aneth mtori wa uzazi, ile supu yetu ya ndizi na nyama!

Ila nusura niharibu. Dada wa bima, pale mjini, aliniamkia vizuri kisha akauliza, "Bibi, una ugonjwa wowote?"

"Mimi? Nina nguvu kama ng'ombe."

Niliogopa wataninyima. Nikaingiza mkono mkobani kutafuta miwani, zikatoka dawa za presha, zikaanguka mezani kwake.

"Na hizi anakunywa ng'ombe, bibi?"

Tulicheka mpaka machozi. Akanieleza kwamba nikificha, nikilazwa huko hawatalipa, na Aneth atabeba mzigo wangu huku ananyonyesha. Hilo naliogopa kuliko kufa. Bima ya bei ndogo haigusi presha, nikachukua inayoigusa. Nimekubaliwa!

Kesho, daftari, uje mapema. Tutaandika dawa zangu zote, na ole wako unifichie hata kidonge kimoja.