Kabari Kwenye Sinia la Tende

Bidiya

Mdogo wangu Musallam,

Salamu utazipata siku nikipoa. Mbuzi wa Baba kazaa pacha. Na pikapu yake, uliyoiinua springi ili ukatambe mchangani Idi, kisha ukagombana naye ukatimkia Maskati bila kuaga, inatetemeka mpaka meno yanagongana!

Fundi kabadilisha matairi, wapi! Inatulia ikibeba ngamia tu, maana uzito unaishusha. Basi Baba anakwenda na ngamia hadi msikitini. Watu wanamcheka: "Mzee Hamdan, na huyo katawadha?"

Nikachoka, nikaingia uvunguni mwenyewe. Kumbe ulipoinua gari, propela, ule mhimili unaotoka giaboksi kuzungusha magurudumu ya nyuma, ilikaa mshazari. Nikapachika kabari kati ya springi na ekseli, difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, ikainua pua kuelekea giaboksi. Mtetemo ukaisha kabisa.

Leo asubuhi nimezikuta kabari zangu kwenye sinia la tende, na Baba mikono imejaa grisi.

"Baba, umezing'oa?"

"Ikitulia, Musallam atarudi kutengeneza nini?"

Kwa hilo mimi sina kabari. Rudi, mpumbavu wewe!

Dada yako,
Zuwaina