Siku Uliyowaita Watu wa Hasamba

Mwanangu Feza,

Mama yako ameniegemeza kwa mito miwili, akaniwekea ubao mapajani na kuniambia, "Andika, lakini usimlize mtoto." Nimemwahidi nitajitahidi. Naandikia kitandani, kwa hiyo uvumilie mwandiko. Wanafunzi niliowasumbua miaka yote kwa herufi zao za kupinda wangeuona huu, wangecheka mpaka jioni.

Jana ulinipigia simu kutoka Ikinga, ukasema mnaahirisha harusi mpaka nipate nafuu. Uliniuliza, "Baba, usipokuwepo nani atasimama upande wangu? Mimi sina ukoo." Leo nakujibu. Na kwa kuwa siku zangu zimebaki chache, nitakuambia na jambo jingine ambalo sijamwambia mtu, hata mchungaji.

Unakumbuka ulivyofika kwetu? Mimi na mama yako tulikwenda Tunduma kununua kitenge, tukarudi na mtoto. Bi Mwanaidi, yule mama wa Tanga aliyekuwa na duka lake pale pale, mtaa wa Chapwa, alikuwa amekulaza nyuma ya marobota ya nguo. Vita vya Kongo vilikuwa vimewachukua wazazi wako kule Moba. Shangazi yako alikuvusha ziwa, akapita nawe Zambia mpaka mpakani, halafu malaria ikammaliza pale pale Tunduma.

"Mwalimu," Bi Mwanaidi aliniambia, "mimi mtu wa safari, leo Nakonde, kesho Dar. Huyu anataka watu wanaolala mahali pamoja kila siku. Na ujue, akilala njaa kwangu Mungu ataniuliza mimi. Akilala njaa kwako atatuuliza sote wawili."

Kitenge alichotutolea alikufunga nacho wewe, akakataa malipo. Tukapita ofisi zote za kupita, tukapanda gari la Mbozi kurudi Hasamba, kijijini kwetu. Njiani ukamwuliza mama yako, "Kwenu kuko batu?" Akakujibu, "Wapo, tena wamezidi. Utawachoka."

Jumapili ya kwanza, tukinywa uji, Mzee Simbeye, mpiga kengele wetu, alipiga kengele ya kwanza ya ibada, ile rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi wa kanisa. Kikombe kikakuponyoka. "Batu banakuya!" ukapiga kelele kwa Kiswahili cha kwenu, yaani watu wanakuja, ukamshika mama yako mkono, ukamkokota mpaka shambani. Kumbe kwenu rimu kama ile iligongwa askari walipokikaribia kijiji, na aliyeisikia alikimbilia porini. Mimi nilisimama mlangoni na tai yangu shingoni, nikiita, "Rudini jamani, ni ibada tu!" Mama yako alikuwa amechuchumaa nawe kwenye kahawa, na gauni lake la kanisani, na hakutoka mpaka ulipotaka kutoka wewe.

Ikawa hivyo Jumapili nyingi. Nikamkemea: "Unamfundisha mtoto kuogopa kitu ambacho hakipo."

Akasema, "Namfundisha kwamba hakimbii peke yake."

Mzee Simbeye, kwa utani wa babu na mjukuu, alikuwa akikuita mke wake. Siku moja akaja nyumbani kushtaki. "Mke wangu ananikimbia kila Jumapili. Nimemkosea nini? Au ni huu uzee?"

Ukamjibu kwa ukali, "Haiko weye. Ni ile chuma."

"Ahaa! Basi twende ukaichape. Hata mimi imenichosha."

Ilikuwa katikati ya juma na watu walikuwa mashambani wakipalilia. Nilikufuata kwa mbali. Uliigusa rimu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu pasi. Ukagonga mara moja, ukasikiliza. Halafu ukaipiga, Feza! Uliipiga kama mtu aliyekuwa akiidai kwa muda mrefu, na yule mzee kwa furaha yake akasahau jambo ambalo kila mtoto wa Hasamba analijua: kengele ya siku ya kazi ni kengele ya msiba.

Watu wakaja. Walitoka mabondeni na majembe mabegani, akina mama wamejifunga khanga viunoni, vilio vimeshaanza njiani. "Nani? Nani amekufa?"

Simbeye akavua kofia. "Hakuna aliyekufa. Mke wangu alikuwa anajaribu."

"We Simbeye! Nimeacha maharage motoni!"

"Na mimi nimelia tangu mtoni. Machozi yangu nani atanirudishia?"

Mmoja akacheka, wakacheka wote, wengine mpaka wakakaa chini kwenye majani. Wewe peke yako hukucheka. Ulisimama na kipande cha chuma cha kugongea mkononi, ukiwatazama mmoja mmoja. Kisha ukamvuta nguo mama yako, aliyekuja mbio na wenzake. "Kwetu inalia, batu banakimbia," ukasema. "Hapa inalia, batu banakuya." Ukauliza ni nani aliyewafundisha hivyo. Mama yako akakuonyesha mlango wa kanisa. Ukaingia mwenyewe, kwa mara ya kwanza, na watu wakakufuata na matope yao miguuni, maana walishafika, na nani angerudi shambani bila hata wimbo mmoja?

Sasa nikiri. Nilikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, nikafundisha kipaimara, nikaijua Biblia kama nilivyoijua jiografia: milima yake, mito yake, wafalme na mipaka yao. Sikuwa mnafiki, nilidhani imani ndiyo hiyo. Siku ile, nikiwa benchi la nyuma, nikikuona unapiga makofi nje kabisa ya mdundo, nilijikuta nasema kwa sauti, "Bwana, kumbe upo." Sikuwahi kusema hivyo kabla. Watu husema sisi ndio tuliokuleta kwa Kristo, nami sikuwasahihisha, kwa kiburi cha ualimu. Ulipobatizwa nilikushika bega mbele ya mchungaji, lakini moyoni nilijua ni nani aliyemshika mwenzake. Tangu siku hiyo sijaomba tena kama mtu anayesoma somo. Ninaomba kama mtu anayezungumza, na hata sasa, na maumivu haya, nina raha nisiyoweza kukueleza.

Kwa hiyo harusi msiahirishe. Mama yako ameshanunua mbuzi, tena amempa jina, jambo litakalotuletea shida siku ya kuchinja. Kwaya wanafanya mazoezi kila jioni. Nawasikia kutoka hapa kitandani, soprano wamezidi kama kawaida yao. Nikitangulia kabla ya Jumamosi ya harusi, nizikeni, lieni mnavyotaka, kisha mwende kanisani. Wapo watakaosema matanga bado hayajaanuliwa. Waambie marehemu ameyaanua mwenyewe.

Na mchungaji atakapouliza ni nani anayemtoa binti huyu, kama miguu yangu itakuwa imegoma, au kama nitakuwa nimekwisha kwenda, mama yako asimame na karatasi hii, asome kwa sauti wakwe wote wasikie:

Ni mimi, baba yake. Ni wa ukoo wangu, na ninamtoa kwa furaha.

Kisha ibada iendelee. Msinisubiri.

Nakubariki kwa mikono miwili,
Baba yako