Gari la Bibi Harusi

Kambi ya Dzaleka, Jumamosi

Wilondja mpenzi wangu,

Wiki tatu za ndoa, na bado natabasamu nikipika nsima, ugali wa huku, ya mtu mmoja.

Ulisema gereji unayofanyia kazi huko mjini, Area 25, haikuachii nafasi wala moyo wa kuimalizia Datsun ya marehemu kaka yako Mulenda, aliyoikata paa akaiacha nyuma ya nyumba yetu. Tena vifaa vyake haviguswi kabla ya kuondoa matanga. Kumbe ulinidanganya. Kila nikitoka kwaya nakuta kitu kipya: Jumatatu milango, Jumatano injini, jana taa. Nimelia kwa furaha. Mulenda aliapa gari hilo litambeba bibi harusi wako, nawe unamtimizia kimyakimya.

Jana jirani yetu Véronique alikuona kwa mbali. Akanitania kwa Kiswahili cha kwetu, "Bwana yako njo fundi kweli. Lakini tangu lini anachechemea?"

Umeumia mguu, mpenzi? Nilikuwekea kando ya gari fimbo aliyotembelea Mulenda. Leo haipo.

Sasa nasikia honi nyuma ya nyumba. Umekuja kunichukua hata kabla sijaituma barua. Nilijua leo gari litakamilika, nimeshavaa gauni la harusi. Barua naiacha mezani, utaisoma tukirudi.

Wako peke yako,
Solange